Treni za Kijapani kwenye chumba cha tatami sita: inagoma wapi na kwa nini

Wakuu, kila nikikutana na mtu aliyeanza mchezo wa treni ndogo za Kijapani kwenye chumba kidogo, malalamiko ni yaleyale: treni inaacha reli, inakufa ikifika upande wa pili, duara halifungi, daraja haipandi. Na karibu kila mtu anaanza kulaumu reli au mota. Nikienda kuangalia nakuta mara nyingi kosa lilishafanyika siku anachora ramani, kabla hata hajanunua kipande cha kwanza, yaani aliomba kwenye ubao wake vitu ambavyo ubao hauna. Kwa hiyo nitaenda na dalili, moja baada ya nyingine, wewe ruka mpaka ile inayokusumbua.

Ila kabla ya hapo weka hivi vipimo kichwani maana bila navyo hatutaelewana.

Ninaongelea skeli ya N, ile ambayo chuma na chuma vinaachana mm 9. Treni za kawaida za Japani zinapita kwenye reli ya mm 1067, kipimo kilekile cha TAZARA, so watu wa Mbeya mnaijua kwa macho, na watengenezaji wanazipunguza mara 150. Shinkansen, ile treni ya mwendo kasi, yenyewe ina reli pana ya mm 1435 na inapunguzwa mara 160. Ukipiga hesabu, behewa la kawaida la mita 20 linakuwa kama sm 13.3, na behewa la Shinkansen la mita 25 linafika sm 15.6. Sasa chumba. Tatami moja, ule mkeka wa sakafuni ambao ndo kipimo cha vyumba vya Kijapani, ni kama sm 91 kwa 182, na plaiwudi ya madukani kule ni saizi hiyohiyo, maana yake ubao mmoja mzima umekula tatami moja kati ya sita na bado hujatandika futoni, yaani godoro la sakafuni, wala kuweka meza ya kulia. Ndo maana wengi wanaishia kwenye kaubao ka sm 60 kwa 90, au wananunua mlango mwepesi wa ndani wa kama sm 90 kwa 180 na kuulaza juu ya miguu ya meza, au wanatandaza reli juu ya tatami jioni na kuzikusanya kabla ya kulala. Mimi nimepitia yote matatu, na chumba changu ni hichohicho cha tatami 6 hapa Saitama.

Treni inafukuza mkia wake

Hii sio hitilafu ya umeme wala reli lakini ndo inayofanya watu waache mchezo baada ya miezi miwili, wanasema "inachosha". Chukua treni ya E235 ya Yamanote, mstari unaozunguka Tokyo, ina mabehewa 11 na kila moja ni sm 13.3, jumla ni kama mita 1.47. Weka kwenye kaubao ka sm 60 kwa 90 chenye kona za R282 (yaani nusu kipenyo mm 282) na kipande kimoja kilichonyooka cha mm 248 kila upande, njia nzima ina mita 2.27 hivi. Treni imejaza karibu theluthi mbili ya njia, hapo huoni treni inaenda mahali, unaona mkufu unazunguka. Shinkansen ya mabehewa 16 ni mita mbili na nusu, imepita urefu wa njia yenyewe, yaani kichwa kingeugonga mkia kabla hujawasha swichi.

Dawa ni kufupisha treni, basi. Mabehewa 3 yanachukua sm 40, yaani chini kidogo ya moja ya tano ya njia, na hapo jicho linaanza kuamini. Najua inauma kwa sababu box la mabehewa 11 lina raha yake likifunguliwa, lakini Japani imejaa mistari ambayo treni zake kweli ni fupi, chukua mojawapo. Mimi ningekuambia uanze na Enoden, ile inayotoka Fujisawa mpaka Kamakura, km 10 tu, njia moja, stesheni 15, inapita nyuma ya majiko ya watu na kati ya Enoshima na Koshigoe inaingia kabisa barabarani na magari. Seti yake ya mabehewa mawili haifiki sm 20 kwenye skeli hii. Na kuna kitu kizuri zaidi nitakisema kwenye kona.

Treni imeanguka sakafuni

Haya, hii iliniuma mfukoni. Kona ya R282 ya Kato, mmoja wa watengenezaji wa reli hizi, ukizidisha mara mbili unapata mm 564, jumlisha upana wa kitako cha reli mm 25 unapata 589. Ubao una 600. Nilivyoona inaingia nikafurahi nikagundisha kila kitu, nikasahau kwamba kila upande imebaki mm 5 na kidogo, na siku treni ilipoacha reli kwenye kona haikuwa na pa kuegemea, ikaenda chini kutoka urefu wa meza, pua ikapasuka.

Kwa ubao wa sm 60 tumia R249, inachukua mm 523 na unabaki na kama mm 38 kila upande. Hapo unaweza kupanda kichaka, kuweka ukuta, nyumba nyembamba. Kama umeshagundisha na hutaki kubomoa, zungushia ukingo wa plastiki ngumu wa sm 3 hivi juu ya usawa wa ubao, sio mzuri kwa macho lakini unaokoa pesa.

Behewa linaacha reli kwenye kona, tena ni lilelile kila siku

Hapa kuna sababu kadhaa na watu wanazichanganya. Kwanza fanya hivi: geuza hilo behewa mbele nyuma, halafu litembeze tena. Likiacha reli palepale, ubaya uko kwenye njia. Likianza kuacha sehemu nyinginezo pia, ubaya uko kwenye behewa, pengine gurudumu limekaa vibaya kwenye boji, kile kigari cha magurudumu chini ya behewa, au kiungio kimekaza hakigeuki vizuri, hilo ni dogo.

Kama ni njia, pitisha kucha ya kidole taratibu juu ya maungio, upande wa ndani wa chuma. Kucha ikikwama umeshapata mwizi, chuma kimoja kimepanda juu ya klipu badala ya kuingia ndani yake. Hii inatokea sana kwa wanaokunja na kutandaza kila siku.

Kucha isipokwama, basi rudi kwenye ramani. Kona mbili zinazopingana, ya kushoto ikifuatwa na ya kulia bila kipande kilichonyooka katikati, zinayavuta mabehewa mawili pande tofauti kwa wakati mmoja na lile jepesi ndo linanyanyuka. Weka katikati kipande kilichonyooka chenye urefu wa behewa lako refu kuliko yote. Pointi, ile reli inayogawa njia kuwa mbili, nayo ni hivyohivyo, ukiiweka mara tu baada ya kona kali gurudumu linafika kwenye ulimi wa pointi likiwa bado limebana upande mmoja, linapanda. Sogeza pointi mbele hata kwa mm 62 tu uone.

Halafu kuna ukubwa wenyewe wa kona. Kwenye box la treni huwa wameandika kona ndogo kabisa inayokubalika, soma kabla ya kulipa. Na hapa ndo Enoden inanifurahisha: pale Ryukoji treni halisi inakata kona yenye nusu kipenyo cha mita 28 tu, ukigawa kwa 150 unapata mm 187. Kwa hiyo kipande cha R183 chini ya Enoden kimepunguza kona kwa uaminifu ule ule kilichopunguza treni. Linganisha na Shinkansen ya Tokaido ambayo kona zake zilipangwa kwa nusu kipenyo cha mita 2,500. Gawa kwa 160, unapata zaidi ya mita 15! Duara la mita 31 kwenye chumba cha tatami sita, haya niambie utalala wapi. Yaani Shinkansen kwenye kaubao kako haitakaa ionekane sawa hata ufanye nini, na hilo sio kosa lako, ni la mtu aliyekuambia uanze nayo.

Treni mbili zinakwaruzana zikipishana

Kwenye njia mbili Kato wanaacha mm 33 kati ya katikati ya njia moja na nyingine, Tomix, mtengenezaji mwingine, wanaacha mm 37. Sasa behewa refu kwenye kona halifuati reli, tumbo linaingia ndani na ncha zinatoka nje. Behewa la Shinkansen kwenye R249 tumbo linaingia karibu mm 6 na ncha za jirani yake zinatoka karibu kiasi hichohicho, jumlisha upana wa behewa lenyewe mm 21, umeshafika 33. Hakuna hata upenyo wa karatasi. Zikinyooka hazina shida, zikifika konani zinapigana mabega.

Usipambane nayo. Ama mabehewa mafupi, ama kona kubwa zaidi, ama njia moja tu. Na kabla hujagundisha mdomo wa handaki, nguzo au jukwaa la stesheni karibu na kona, chukua behewa lako refu kuliko yote, bandika penseli ubavuni kwa tepu, katikati na kwenye ncha, lisukume kwa mkono. Mstari utakaochorwa ndo mpaka wako, kitu chochote kisiuvuke.

Daraja: magurudumu yanazunguka treni haipandi

Kila anayeanza anataka treni ipite juu ya treni, na mimi nilitaka. Ili moja ipite chini ya nyingine unainua njia kama sm 5. Mwinuko wa sm 4 kwa kila mita ndo mkali ambao seti fupi inavumilia, kwa hiyo kupanda tu unahitaji mita 1.25, na kushuka mita 1.25 nyingine, jumla 2.5. Sasa rudi kwenye kaubao ka sm 60 kwa 90, njia nzima kwa kona za R249 ina mita 2.1 hivi. Haiingii! Watu wanaibana, wanapandisha kwa mita 0.8, halafu wanashangaa mota inalia na treni imesimama.

Kwenye mlango wa sm 180 inaingia lakini zaidi ya nusu ya njia inakuwa kilima, pa kuweka stesheni iliyo sawa panabaki padogo. Na usisahau kwamba seti nyingi zina behewa moja tu lenye mota na raba za magurudumu mawili matatu, kona juu ya mwinuko inaongeza mzigo mara nyingine tena. Kama inapanda lakini mabehewa yanaachana pale juu kabisa, mwinuko umeanza au kuisha ghafla mno, weka nguzo za katikati ili ilainike.

Ninachofanya siku hizi: njia inabaki chini sawa kabisa, ninachoinua ni ardhi. Weka mto chini ya usawa wa reli kwa kukata povu, treni itapita darajani bila kupanda hata mm 1. Au inua njia yote nzima juu ya nguzo iwe kama reli za juu za Tokyo na chini yake weka vibanda na baiskeli. Jicho halijui tofauti.

Sehemu ya kupishana haiingii

Njia moja yenye stesheni ya kupishana ni kitu kizuri sana, treni moja inasubiri nyingine inakuja. Ila pointi namba 4 ya Kato ni mm 126, na ukiiongezea kona ya kurudisha njia iwe sambamba umeshatumia kama sm 25 kila mwisho. Nusu mita imeliwa kabla hujaegesha behewa hata moja. Kwenye ubao wa sm 90 wenye R249 sehemu iliyonyooka ni mm 310 hivi, basi imeshakataa, acha. Kwenye mlango wa sm 180 unabaki na kama sm 71 zilizo sambamba, mabehewa matano ya mita 20 yanakaa. Ukitumia pointi namba 6, ambayo ni ndefu na treni inapita kwa ulaini zaidi, utapoteza sehemu ya hizo pia. Kwa kaubao kadogo weka pointi moja tu na njia fupi ya kuegesha, inatosha kabisa kumfanya mgeni aulize swali.

Duara halifungi, imebaki mm kadhaa

Umechanganya Kato na Tomix, sio? Mmoja anahesabu kwa mm 248, mwingine kwa 280, na klipu zenyewe hazifanani, kunahitajika kipande maalum cha kuunganisha. Chagua familia moja ukae nayo. Kama ni familia moja na bado halifungi, usivute kwa nguvu, reli itakubali leo halafu kesho treni inaacha reli upande wa pili kabisa wa ubao, kule ulikohamishia mkunjo. Tafuta vipande vifupi vya mm 29 na 38, au kile cha Kato kinachorefuka kutoka mm 78 mpaka 108.

Inaenda vizuri upande wa mbele wa ubao, upande wa nyuma inachoka

Umeme unaingia sehemu moja, na kila klipu inakula kidogo, mpaka treni ifike upande wa mbali volti zimepungua. Ongeza waya wa pili wa kulisha upande ule, ukihakikisha chuma cha ndani kinakutana na waya wa rangi ileile, la sivyo unapiga shoti mwenyewe. Kama ilikuwa sawa mwezi wa 4 na imeanza kuchoka mwezi wa 6, ni ule msimu wa mvua, ubao umenyonya unyevu ukavimba na maungio yakaachana kidogo. Bana upya kabla hujakimbilia kununua kontrola.

Treni iliyoegeshwa kwenye njia ya pembeni haitikisiki kabisa? Pengine hakuna ubovu. Pointi nyingi za Kijapani zinapeleka umeme kule zilikoelekezwa tu, geuza pointi, itaondoka. Hii ni faida, unaegesha moja na kuendesha nyingine kwa kontrola hiyohiyo.

Na kama kontrola inakata mara tu unapounganisha kipande cha mwisho, angalia ramani kama njia inajipinda na kujirudia yenyewe kama kitanzi. Chuma cha kulia kimekutana na cha kushoto, hiyo ni shoti ya kuchora kwa kalamu. Kwenye nafasi ndogo kiondoe tu hicho kitanzi, treni za umeme za kule karibu zote zina kibanda cha dereva pande zote mbili, haina haja ya kugeuka.

Inaenda kwa kushtukashtuka

Unaendesha kwenye tatami? Pindua behewa lenye mota uangalie ekseli. Utakuta nywele, nyuzi za futoni, vumbi la tatami limejisokota kama pamba. Toa kwa kibanio, futa magurudumu na reli kwa spiriti na kijiti cha pamba. Msasa hapana jamani, unaacha mikwaruzo na uchafu unaingia humo humo.

Imekwama ndani ya handaki na mkono haufiki

Oshiire, lile kabati la ukutani la kuhifadhia futoni, wengi wanaligeuza kuwa stesheni, lina kina cha kama sm 80 na kidogo na rafu katikati tayari. Wazo ni zuri, ila mkono wangu unafika sm 70 bila kuangusha nyumba za mbele, na handaki watu wanaliweka wapi? Kona ya nyuma kabisa, halafu na pointi ndani yake. Panga hivi: kila pointi na kila handaki viwe karibu na mkono, nyuma iwe reli iliyonyooka tu. Kama handaki lazima likae nyuma basi mlima usigundishwe, uwe kifuniko unachokinyanyua. Na pima upana wa ndani wa kabati, sio mlango wake, kabla hujanunua ubao, mimi nimerudi na ubao dukani kwa treni na haikuwa furaha.

Jirani anagonga ukuta

Mlango ule mwepesi una uwazi ndani, ni ngoma. Weka karatasi ya koki au povu jembamba chini ya reli, na usipige skrubu kupitia reli mpaka kwenye ubao maana skrubu ndo inabeba sauti. Chini ya miguu ya meza weka vipande vya raba.

Moshi umetoka kwenye kontrola

Hii ni kwa mnaopeleka nyumbani. Umeme wa Japani ni volti 100, Tanzania ni 230. Nilimtumia mdogo wangu Temeke seti kamili ya kuanzia, nikamwandikia maelezo yote ya kona na pointi, hili sikuliandika. Akatafuta adapta ya pini bapa akachomeka. Jioni akapiga: "Kaka, imezunguka raundi moja, ikanuka, ikazima." Adapta ya pini inabadilisha umbo la plagi, volti haizigusi.

Soma kilichoandikwa kwenye adapta ya umeme. Ikisema 100 mpaka 240, chomeka. Ikisema 100 peke yake, tafuta transfoma ya kushusha, au badala yake nunua huko uliko adapta yenye volti na ampea zilezile zilizoandikwa upande wa kutoa, na hakikisha chanya iko ndani au nje ya plagi kama ile ya mwanzo. Ya mdogo wangu treni na reli vilipona, kilichokufa ni adapta tu. Nilivyomtumia nyingine akaniuliza kama naweza kuongeza na mabehewa yafike 11. Ubao wake ni sm 60 kwa 90.